Gia Niliyoisogeza

Miaka ile ya hamsini watu wa Tanga walipenda gari moja tu, nalo halikuwa na kazi yoyote. Lilikuwa gari jekundu la watu wawili, lisilo na paa la maana, mali ya kijana wa Kizungu aliyekuwa msaidizi wa meneja kwenye shamba moja la mkonge. Likiingia mjini Jumamosi mchana, mafundi cherehani waliacha nguo chini ya sindano wakatoka nje, wauza kahawa walisimama na madele yao mkononi, na watu wazima wenye wajukuu walibishana kama linakwenda maili tisini au mia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipanda. Wala hapakuwa na barabara katika jimbo letu ambayo gari lile lingeweza kwenda maili mia bila kuvunja kitu.

Mimi nilikuwa dereva wa lori, na gari lile nililichukia kabla halijahusika na msiba wangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani ni uchungu tu unaozungumza. Nililichukia kwa sababu halikubeba kitu. Injini yake ilikuwa nzuri, sikatai. Siku moja tulikutana na yule kijana kwenye pampu ya petroli, nikainama nikaisikiliza ikiunguruma polepole, nikaona kweli fundi aliyeiunda alikuwa na masikio. Lakini injini ile yote ilikuwa ya kumbeba kijana mmoja na miwani yake. Gunia moja la mahindi lisingeenea. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali asingelala. Na bado wanaume wa mtaa wa Ngamiani walilitaja kama mtu anavyomtaja mchumba.

Lori langu hakuna aliyetoka nje kulitazama. Lilikuwa la tani tano, bodi lake la mbao limeundwa na maseremala wa hapa hapa mjini, gia zake nzito, usukani wake unachosha mabega. Kila nyumba mpya iliyojengwa Tanga miaka ile, mbao za paa lake zilishuka milimani kwa malori kama langu. Watu walilala chini ya mbao zile, asubuhi wakatoka barazani kusifia gari jekundu.

Nilikuwa na mdogo wangu, naye dereva, kwa tajiri yule yule mmoja mwenye malori sita. Tulizaliwa Muheza, baba yetu alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea kwa kuuza machungwa kwenye njia panda. Udereva nilimfundisha mimi. Alikuwa mwepesi kuliko mimi na mcheshi kuliko mimi, na pombe hakuijua hata harufu yake. Msikitini alikuwa akitangulia mimi nikiwa bado natafuta viatu.

Tulikuwa tukibeba mbao kutoka Amani, tunashuka mlima hadi Sigi, tunapita Muheza, tunazishusha kwenye maghala ya bandarini Tanga. Huko maghalani kulikuwa na kigari cha betri. Kilikuwa kama kitanda cha chuma chenye magurudumu manne madogo, hakina injini wala moshi, kinavuta marobota ya katani kutoka ghalani hadi gatini. Mwendeshaji wake, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, alisimama mbele amekanyaga pedali. Madereva wote walimcheka, na mdogo wangu alikuwa wa kwanza.

"Shikamoo babu! Mtoto ameshanyonya leo?"

"Marahaba. Amenyonya, ametulia. Wako huyo mbona analia tangu Muheza?"

"Wangu ana nguvu, babu. Wako hata mlima wa Pongwe haupandi."

"Haupandi, kweli. Lakini nikiondoa mguu hapa, anasimama palepale. Wako ukiondoa mguu anakwenda wapi?"

"Anakwenda nyumbani mwenyewe, babu! Njia anaijua."

Watu wa ghala walicheka hadi wakaliachia robota. Na mimi nilicheka. Lakini nilimwomba yule mzee anionyeshe, akanionyesha: pedali ile ukiikanyaga kigari kinakwenda, ukiiachia tu breki inashika yenyewe. Mtu akianguka, akizimia, akifa, kigari kinasimama. Nilirudi kwenye lori langu. Nilikuwa nimependa gari ambalo ningeona haya kulitaja mbele ya wenzangu.

Sasa nitaje kijiti.

Tajiri wetu alikuwa na kijiti cha mvule kilichochongwa alama. Lori likirudi jioni, kabla dereva hajanawa uso, alikitumbukiza ndani ya tangi, akakitoa, akatazama petroli imelowesha mpaka alama ya ngapi. Aliyebakiza nyingi alisifiwa mbele ya wote na kupewa safari ya kesho yenye kheri. Aliyebakiza kidogo aliambiwa mbele ya wote kwamba anakunywa petroli, na kesho yake akapewa lori bovu la kubeba mchanga. Hakuna mwanamume aliyetaka kusimama pale uani kijiti kikitoka kikavu.

Na kijiti kilikuwa na dawa moja tu, nayo kila dereva wa njia ya Amani aliijua. Ukifika kwenye mteremko unalitoa gari kwenye gia, unazima injini, unaliacha lori lishuke kwa uzito wake lenyewe. Tuliita kutia frii. Kutoka juu hadi Sigi unaweza kushuka bila kuchoma hata tone. Hatari yake ni kwamba lori likiwa katika gia, injini inalizuia lisikimbie. Likiwa frii, linazuiwa na breki peke yake. Lina tani tano za mbao mgongoni, kona baada ya kona, na breki zikishapata moto hazishiki tena. Ukitaka kurudisha gia wakati huo haiingii, inakwaruza tu. Kwa hiyo unatia frii kipande hiki, unaingiza gia kipande kile, unapoza breki, unatia frii tena. Kazi hiyo ina kipimo chake, na kipimo hicho nilimfundisha mdogo wangu kona moja moja, nimekaa kando yake, nikijisifu kwa jinsi anavyoshika haraka.

Ndani ya kila lori tajiri alikuwa ameandikisha kwa rangi nyeupe: NI MARUFUKU KUTIA FRII. Tuliyasoma maneno yale huku tumetia frii.

Siku yenyewe tulipakia pamoja Amani. Utingo wake alikuwa na homa, alibaki Muheza, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa peke yake. Alitangulia, mimi nikabaki kufunga kamba iliyolegea. Nilipofika kona ya tatu kabla ya Sigi niliona mbao zimetawanyika barabarani. Lori lilikuwa limelala ubavu korongoni, limeegemea mti.

Nilimwacha utingo wangu barabarani na lori, nikashuka kwa kuteleza. Alikuwa ndani, ameshafariki. Nilimfumba macho, nikamfunika uso kwa kanzu yake aliyokuwa ameitundika nyuma ya kiti kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Kisha nikaitazama gia.

Ilikuwa frii.

Nilisikia gari linashuka huko juu, na sauti za watu wa kijijini wanakuja mbio kutoka chini. Niliweka mkono wangu juu ya ile gia nikaisukuma hadi ya tatu. Ilikubali bila shida.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili yake, asije akasemwa kwamba alivunja marufuku. Lakini nilijua pia nani alimfundisha, na wenzetu wote walijua. Katika mawazo hayo mawili lipi lilifika kwanza, sijui, na sitaandika kwamba najua.

Gari nililolisikia likishuka ndilo lile jekundu. Yule kijana alikuwa ametoka kuwatembelea wenzake kwenye kituo cha utafiti. Alisimama, akatazama chini, akaenda kuleta polisi, na kwa hilo sina lawama. Lakini aliwaambia polisi kwamba lori lilimpita juu kule kwa mwendo ambao hajawahi kuona lori linakwenda, honi inalia bila kukoma, akabidi aingie majanini kulipisha, akakwama humo hata mimi nikampita bila kumwona. Akasema dereva wa namna ile ama ni mwendawazimu ama amelewa.

Kesho yake alikuja mkaguzi wa magari kutoka Tanga. Alikanyaga breki, zilikuwa zimeshapoa, zikashika. Akaangalia gia, ya tatu. Akaandika kwamba gari lilikuwa zima na kosa ni la dereva. Basi lile neno la yule kijana likapata pa kukaa. Lori zima, gia ya tatu, mwendo wa kichaa: ni nini tena kama si pombe?

Tulimzika Muheza. Baada ya sala ya jeneza imamu aliwauliza watu, kama desturi yetu, wanamshuhudia vipi marehemu, na watu wote wakaitikia kwa sauti moja, "Mtu mwema! Mtu mwema!" Niliwasikia kwa masikio yangu. Niliona nani amesimama wapi. Siku ya tano nilikwenda Tanga kurudisha vifaa vya lori, nikapita kwa kinyozi, na watu watatu kati ya wale wale walikuwa wamekaa hapo, hawakuniona mlangoni.

"Ampite bwana yule? Wa gari jekundu?"

"Amempita, kasema mwenyewe bwana yule."

"Kwa lori la mbao? Toka hapa! Lile jekundu lina silinda sita."

"Nne."

"Sita! Mimi nimezihesabu."

"Umezihesabu ukiwa wapi, chini ya boneti yake? Basi na dereva alikuwa na silinda zake kichwani, za tembo."

Tembo ni pombe ya mnazi. Walicheka. Kinyozi aliniona kwenye kioo, akaacha wembe hewani, na wao wakaanza kuniamkia kwa unyenyekevu.

Hasira niliyoipata siku ile haijanitoka. Hawa ndio waliojiita wapenzi wa magari. Walijua silinda, walijua maili, walijua rangi ya viti. Na hakuna hata mmoja kati yao, wala yule mkaguzi mwenye kalamu, wala yule kijana mwenye injini iliyoundwa na mtu mwenye masikio, aliyejiuliza jambo dogo ambalo dereva yeyote wa lori analijua: lori la tani tano katika gia ya tatu haliwezi kufikia mwendo wa kulipita gari lile. Injini ingepiga yowe, ingelishika. Mwendo ule ni wa frii tu. Na mlevi hapigi honi kona zote toka juu hadi chini. Ile honi ilikuwa inaomba njia. Ilikuwa inawaambia watu waondoke.

Jibu lilikuwa mbele yao, lakini mtu aliyelipotosha nilikuwa mimi, kwa mkono wangu. Kwa hiyo nilitoka pale kwa kinyozi bila kusema neno.

Mama aliacha kwenda njia panda. Wanawake walikuwa wanakuja kumpa pole, wakimwambia Mungu amsamehe mwanao dhambi zake, na neno dhambi walikuwa wakilivuta. Kikapu chake cha machungwa kilikaa nyuma ya mlango hadi machungwa yakaoza. Siku moja baada ya alasiri aliniita jikoni.

"Wewe ulikuwa nyuma yake. Mdogo wako alikunywa?"

"Hakunywa, mama."

"Umejuaje?"

"Namjua."

"Kumjua hata mimi namjua, nimemzaa. Sikuulizi kama unamjua. Nataka kitu cha kuwaambia wale."

Alinitazama akingoja. Nilisema, "Mungu ndiye ajuaye." Nilimjibu mama yangu kwa jina la Mungu ili nisijibu.

Arobaini ilifika. Hitima ilisomwa mbele ya nyumba yetu baada ya adhuhuri, wanaume kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Tajiri alikuja mwenyewe na madereva wote, akaleta mbuzi. Baada ya dua aliomba ruhusa aseme mawili matatu. Alisema kijana alikuwa mzuri wa kazi, ujana ulimponza, sote tunapotoka, tumwombee maghufira kwa alichokitenda siku ile. Imamu akaitikia kwa kichwa. Watu wakasema amin.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu.

"Alichokitenda siku ile," nilisema, "alitia frii."

Tajiri akageuka. "Gia ilikuwa ya tatu. Imeandikwa polisi."

"Ya tatu niliiweka mimi. Nilifika wa kwanza nikaisogeza. Ilikuwa frii."

Nilimsikia mbuzi wa jirani akitafuna maganda.

"Kwenye kila lori langu," tajiri alisema polepole, "nimeandika marufuku."

"Umeandika, bwana. Na kila jioni unakuja na kijiti. Hebu waulize hawa kijiti kinatoka kimelowa kwa njia gani nyingine."

Dereva mmoja alinivuta kanzu kutoka chini. "Kaa, kaka. Unatuchoma sote."

"Sikai. Mlisema mtu mwema makaburini, mkaenda kusema mlevi kwa kinyozi. Lori lililompita yule bwana halikuwa katika gia. Lilikuwa limepata moto breki, na mwenzenu alipiga honi mpaka mwisho ili asiue mtu. Nyinyi ni madereva. Nyinyi mlijua. Hata bila mimi kusema mlijua!"

Hawakunitazama. Kisha dereva mkongwe kuliko wote, aliyekuwa na jicho moja lenye ukungu, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi hutia frii toka juu mpaka Sigi. Miaka yote." Mwingine akasema, "Na mimi." Wa tatu akakohoa tu.

Mama alikuwa amefika mlangoni, kanga imemfunika hadi machoni.

"Kwa hiyo hakulewa."

"Hakulewa, mama. Ni frii. Na kutia frii nilimfundisha mimi."

Alinitazama mbele ya watu wote wale.

"Siku arobaini," alisema. "Siku arobaini ulikuwa na jibu langu." Akarudi ndani.

Tajiri aliondoka kabla ya chakula. Jioni ile ile nilimpa utingo wangu ufunguo wa lori ampelekee tajiri, sikungoja kuombwa. Jumatatu nilikwenda Tanga polisi nikaeleza yote, kwamba gia niliigusa. Askari wa mezani alisikiliza, akaniuliza kama najua kusoma, nikasema kidogo, akanionyesha jalada. Limefungwa, alisema. Nikamwambia basi lifungueni. Akacheka, si kwa ubaya, akasema jalada si mlango. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka saa nane mchana, kisha nikaondoka. Mpaka leo, kama karatasi ile haijaliwa na mchwa, mdogo wangu ameandikwa kosa ni lake, gari zima.

Tajiri aliyaandikisha upya maneno yake ya marufuku kwenye malori yaliyobaki, kwa herufi kubwa zaidi. Kijiti hakukiacha. Niliwauliza madereva wake, wakaniambia kipo.

Yule mzee wa kigari cha betri alikuwa amechoka, akanipeleka kwa msimamizi wa ghala, nikachukua nafasi yake. Wenzangu wa zamani waliponikuta nimesimama pale na pedali yangu waliniuliza kama mtoto ameshanyonya. Niliwajibu mwanzoni, baadaye nikaacha. Kicheko chao kilinichukiza kuliko wakati nilipokuwa dereva, maana sasa nilijua wanacheka nini: wanacheka gari lililoundwa na mtu aliyemfikiria mwendeshaji wake kwamba anaweza kuanguka. Lori langu nililipenda na bado nalipenda, lakini aliyeliunda hakumfikiria dereva wake. Na Jumamosi gari jekundu liliendelea kuingia mjini, na sindano za cherehani ziliendelea kusimama.

Mama, siku iliyofuata hitima, alitupa machungwa yaliyooza, akanunua mengine, akarudi njia panda. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika usukani alijifunza kusema gia, kusema breki, kusema frii, na aliyasema maneno hayo kwa kila aliyesimama kikapuni kwake. Waliokuja na neno dhambi aliwaeleza mpaka wakashindwa pa kuangalia. Na dereva wa lori akisimama kutaka machungwa, kabla ya kumpa alimwuliza, "Mwanangu, unatia frii?" Aliyecheka hakuuziwa.

Na mimi hakuzungumza nami. Nilikwenda Muheza kila Jumapili, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akageuka kwa mteja mwingine. Sikulalamika. Ilikuwa haki yake, nami nilikaa kando ya kikapu mpaka wakati wa kurudi.

Miezi ilipita hivyo. Jumapili moja, mvua ya vuli imeanza, nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniangalia.

"Na wewe, huko bandarini unaendesha nini?"

"Kigari cha betri, mama."

"Kina frii?"

"Hakina. Ukiondoa mguu kinasimama."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Aliinama juu ya kikapu akaanza kuyageuza machungwa, moja moja, kama anavyomchagulia mtu anayemjua. Alipata aliloridhika nalo, akalimenya kwa kisu chake mpaka likabaki jeupe, akalikata kichwa, akanipa.